Farmasi Saba, Chupa Moja

Tulipoachana wiki iliyopita, Mama Marguerite alikuwa ameshika mpini wa friji ya farmasi yake, na Massoudi amesimama nyuma yake, roho mkononi. Baadhi yenu mmelalamika kwamba niliwakatia utamu. Poleni. Friji naifungua sasa.

Ndani mlikuwa na chupa mbili za soda na nusu ya papai.

Massoudi aliinama, akachungulia mpaka pembeni, akasogeza hata papai. Hakukuwa na insulini wala kitu kinachofanana na insulini.

"Mama Marguerite, dawa iko wapi?"

"Iko," alijibu yule mama bila wasiwasi, akaifunga friji. "Kaa kidogo pale ku kiti. Inakuya sasa hivi."

"Inakuya kutoka wapi?"

"Kwa Révérien, ule wa ng'ambo ya barabara. Nimeshatuma mlinzi wangu. We kaa tu, nikupe soda."

Kwa mgeni anayeanza kusoma leo, nikupe mambo kwa mkupuo mmoja. Massoudi ni mtoto wa Buyenzi, amekulia katika duka la baba yake, Mzee Mohamadi. Akasomea kompyuta, akawa mhandisi wa programu katika benki kubwa ya mjini, mtu wa tai na kiti cha kuzunguka. Kisha akaacha vyote, na baba yake akamnunia mpaka leo.

Aliacha kwa sababu ya mdogo wake, Houda, ambaye anaishi kwa sindano za insulini. Siku moja ya vita Houda alikaribia kufa wakati dawa ilikuwepo mtaa wa pili, ila hakuna aliyejua. Ndipo Massoudi akaanzisha kampuni yake, Dawa Iko. Unaandika jina la dawa kwenye simu ya mkononi, unatuma, na kompyuta inayotumia jenereta katika chumba cha kupanga pale Nyakabiga inakujibu ni farmasi gani inayo. Kila asubuhi mwenzake, Chanelle, anazipigia farmasi zote za mji kuuliza wana nini.

Leo mizinga ilikuwa inalia kwenye milima ya kusini tangu alfajiri. Barabara nyingi zimefungwa, umeme umekatika siku ya ngapi sijui, na sindano ya mwisho ya Houda ilikuwa ya jana. Massoudi akaiuliza programu yake mwenyewe. Ikamjibu kwamba insulini ipo katika farmasi saba.

Saba, msomaji wangu, katika mji ambao hata mkate ulikuwa unatafutwa. Alitoka ofisini mbio huku anacheka.

Sasa hakucheka. Hakukaa kwenye kiti wala hakunywa soda. Alivuka barabara mpaka kwa Révérien, mwanamume mnene mwenye koti jeupe lililokosa vifungo. Kwenye benchi alimkuta mlinzi wa Mama Marguerite ametulia, amekunja mikono, anasubiri.

"Révérien, insulini unayo?"

"Insulini? Iko."

"Nionyeshe."

"Usiwe na haraka, kaka. Inakuya. Nimetuma mutu aende kuichukua."

"Umemtuma wapi?"

"Kwa Mama Marguerite," alisema Révérien. "Ule mama hakosi."

Mlinzi kwenye benchi alimtazama Révérien. Révérien akamtazama mlinzi. Massoudi akawatazama wote wawili, na hapo akaelewa.

Nyinyi mnaoishi mji huu hamhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Ukiingia duka lolote la Bujumbura ukaomba misumari, mwenye duka hakwambii hana. Anakwambia iko, anakusogezea kigoda, na mtu wake anatokea mlango wa nyuma kwenda kuazima kwa jirani. Jioni majirani wanamalizana wenyewe. Wewe umepata misumari yako, duka halijapoteza mteja, na hakuna anayehisi kwamba amesema uongo. Mzee Mohamadi ameuza hivyo maisha yake yote, na Massoudi ndiye aliyekuwa akitumwa mlango wa nyuma.

Chanelle alipopiga simu asubuhi kuuliza kama wana insulini, kila farmasi ilisema inayo, ikimtegemea jirani. Jirani naye alimtegemea mwingine. Kompyuta, ambayo haijawahi kukaa kwenye kigoda cha dukani, ikahesabu kila jibu kuwa ni chupa halisi.

Na aliyeifundisha kuhesabu hivyo ni mtoto wa muuza duka. Aliijua desturi hiyo kabla hajajua kuandika jina lake. Alipokaa mbele ya kompyuta aliisahau yote, akawa kama mtu aliyezaliwa benki.

Alitoka nje, akachutama kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu ofisini.

"Chanelle."

"Massoudi, uko wapi? Wale wageni wameshafika," Chanelle alinong'ona. "Madaktari wa lile shirika la misaada. Wako mbele ya ekrani, wanaona vile watu wanauliza na programu inajibu. Wamefurahi sana. Mukubwa wao anasema wanataka kutulipia mwaka muzima."

Hao ndio wageni ambao Massoudi alikuwa amewasubiri miezi na miezi. Kodi ya chumba, mashine, mishahara ambayo yeye na Chanelle hawajawahi kujilipa, yote yalikuwa yanawasubiri wao. Mungu ana namna yake ya kuchagua siku.

"Sikiliza," alisema Massoudi. "Zile farmasi saba zipigie tena. Usiwaulize kama wanayo. Mwambie kila mumoja aishike boksi ya insulini mkononi na akusomee tarehe imeandikwa pale, ile ya kuharibika."

"Sababu gani?"

"Fanya tu, dada. Nitakuambia."

Alipokata, simu ililia palepale. Alikuwa Houda, sauti imekauka kama ya mtu aliyelala mdomo wazi.

"Kaka, umeipata?"

"We unajisikia aje?"

"Nakunywa maji tu. Nakunywa, natapika, nakunywa tena. Shaabani yuko hapa, ananipepea kama mi jiko ya makaa." Shaabani ni mchumba wake, fundi wa pikipiki. "Umeipata, kaka?"

Massoudi alitazama ng'ambo. Mama Marguerite alikuwa mlangoni, anampungia mkono arudi akakae.

"Iko," alisema Massoudi. "Kaa kidogo, inakuya."

Ndiyo, alisema hivyo hivyo, damu ya dukani haikumwacha. Na kusema kweli, ungemwambia nini mgonjwa?

Chanelle alichelewa kurudi kwenye simu. Kombora moja lilianguka karibu kuliko mengine, mabati yakatikisika, na mlinzi wa Mama Marguerite akaamua kwamba insulini haimhusu tena, akaenda zake. Simu ikalia.

"Mumoja anasema hana miwani," alisema Chanelle. "Mwingine anasema fungulo iko na patron, mwenye farmasi. Révérien alisema kuko giza. Mama Marguerite alianza kunisomea tarehe, kumbe ni ya soda. Massoudi, hawa watu hawana kitu. Walitudanganya."

"Hawakutudanganya. Na huyo wa saba?"

"Dative, ku Ngagara, kartie ya tano. Huyo amenisomea yote, mpaka jina la kiwanda. Anasema friji yake inatumia mafuta ya taa, haijazimika hata siku moja. Iko naye chupa moja. Moja tu, mu muji yote."

Massoudi alifumba macho. Chupa moja ilimtosha kabisa.

"Sasa nifanye nini?" Chanelle alikuwa amepunguza sauti zaidi. "Watu bado wanauliza. Sasa hivi kuna mutu wa Bwiza programu imemtuma kwa Mama Marguerite. Na hawa wageni wananitazama."

"Zifute hizo sita."

"Mbele yao?"

"Mbele yao. Na wakikuuliza, uwaambie kweli."

"Massoudi, tukiwaambia programu ilikuwa inasema iko na haiko, wanaondoka. Na hawarudi."

"Kuna watu wanatembea chini ya mabomu sababu yetu, Chanelle. Wanaenda ku frigo za papai. Futa."

Alisikia vidole vyake kwenye mashine. Kisha sauti ya kizungu ikauliza kitu, Chanelle akajibu kwa Kifaransa kifupi, viti vikasogezwa, mlango ukafunguliwa ukafungwa.

"Wameenda," alisema Chanelle. "Mukubwa wao alinipa mkono. Alikuwa na huruma, hiyo ndiyo imeniumiza."

Hivyo ndivyo kampuni ya Dawa Iko ilivyokata roho, mwenyewe akiwa amechutama kando ya mtaro. Miaka sita ya benki, tai, kiti cha kuzunguka, heshima ya baba yake, vyote alivitoa kwa ajili ya kitu hicho, na sasa kimekwenda. Lakini alikuwa amesema kweli, na kwa muda mfupi alijiona mtu safi.

Usimpigie makofi bado.

"Sasa imebaki Ngagara peke yake," alisema Chanelle. "Mutu yeyote akiandika insulini, programu inamutuma kwa Dative."

Massoudi aliwafikiria watu wote wa mji huu wanaougua ugonjwa wa Houda. Wapo wanaokaa Ngagara kwenyewe. Wapo wenye magari. Wapo ambao hawana daraja wala barieri, kizuizi cha wanajeshi, kati yao na ile friji, na simu zao ziko mkononi wakati huu.

"Futa na ya Ngagara."

"Nini?"

"Kidogo tu. Mpaka nifike."

"Lakini ile iko kweli. Tarehe amenisomea, Massoudi."

"Ni dada yangu, Chanelle."

"Na wengine wako dada za nani?"

Swali hilo lilimchoma. Alilijua jibu lake, na alijua pia kwamba akilitoa atamzika Houda kesho.

"Kampuni ni yangu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. "Futa."

Chanelle alivuta pumzi. Kidole kikagusa mashine mara moja.

"Nimefuta. Sasa mutu akiuliza, inamujibu hakuna mu Bujumbura yote." Akakata simu bila kuaga.

Msinikunjie uso mimi, sikuwa kule. Na kila mmoja wenu mwenye ndugu mgonjwa ajiulize kimoyomoyo kabla hajamtupia jiwe. Massoudi alikuwa ameshakimbia.

Kwenye daraja la Ntahangwa barieri ilikuwa na wanajeshi wanne na foleni ya watu walioweka mikono juu. Askari mmoja mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimsimamisha.

"Unatoka wapi? Unaenda wapi?"

"Natoka Nyakabiga, afande. Naenda Ngagara, ku farmasi. Dada yangu anakufa."

"Kila mutu leo dada yake anakufa. Karte."

Massoudi alitoa kitambulisho, na pamoja nacho kikatoka kikadi cha kampuni, kile alichokitengeneza kwa fahari kubwa. Askari akakiokota, akakisoma taratibu.

"Dawa Iko. Ni weye?"

"Ni mimi."

"Ni weye mwenye ile namba ya simu?"

Massoudi aliona mlango wa bahati unafunguka, akatabasamu. "Ndiyo, afande. Umeshaitumia?"

"Mama yangu aliitumia. Dawa ya presha. Simu yako ilimtuma farmasi tatu, kwa miguu, na jua. Kila moja walimkalisha ku kiti wakamwambia inakuya." Askari aliinama mpaka pua zao zikakaribiana. "Alianguka ku ile ya tatu. Mpaka leo upande mumoja haufanyi kazi."

Machozi yakamtoka Massoudi bila ruhusa.

"Nisamehe," alisema. "Sikujua. Leo ndiyo nimejua."

Askari alimtazama. Kisha akamrudishia kitambulisho. Kikadi alikitia mfukoni mwake.

"Pita. Dada yako hajanikosea kitu."

Alikimbia kwenye mitaa iliyonyooka ya Ngagara, nyumba zimefungwa madirisha, bila basi hata moja barabarani. Alipofika kartie ya tano, yaani mtaa wa tano, mlango wa farmasi ulikuwa wazi nusu. Dative, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, alikuwa nyuma ya kaunta, redio ndogo inazungumza pembeni yake. Mbele yake alisimama mwanamume wa shati la ofisini, amekumbatia chupa ya chai ya kuhifadhi joto.

Na kwenye kaunta, juu ya kitambaa safi, ilikuwa chupa ya insulini.

Dative alikuwa ameingiza sindano ndani yake, anavuta.

"Ngoja," alisema Massoudi, akihema. "Mama, tafadhali, usiitoe. Nimekuya kwa hiyo. Mi ni Massoudi wa Dawa Iko."

Dative hakusimamisha mkono. Alimaliza kuvuta, akafunika sindano, akaiweka ndani ya ile chupa ya chai iliyojaa barafu.

"Kumbe ni weye," alisema. "Sasa uniambie, mesiye. Asubuhi musichana wako ananipigia, namsomea tarehe, anasema merci. Halafu Astère huyu, jirani yangu, anakuya na simu yake, inasema mi sina kitu. Nani ameniondoa?"

Yule Astère alimgeuzia Massoudi simu. Herufi ndogo kwenye kioo zilisema kwamba insulini hakuna katika farmasi yoyote ya Bujumbura.

"Mke wangu yuko hospitali," alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Niliposoma hii nilikaa chini. Nilianza kufikiria nani nitamwita kwa mazishi. Nilikuja hapa kwa sababu tu nyumba yangu iko nyuma, nikasema wacha nimuulize Dative kwa mdomo."

"Ni mimi," alisema Massoudi. "Mi ndiye nilisema ifutwe. Niliogopa itakwisha kabla sijafika."

Dative alimwangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi wake bora aliyekosea hesabu ya kutoa.

"Itakwisha aje? Chupa moja mutu mumoja anaitumia mwezi. Mi nagawa. Kila mutu namvutia sindano za siku mbili tatu, mpaka barabara ifunguke. Ungeacha ukweli pale, saa hii ningekuwa nimeshasaidia watu kumi, na dada yako angepata yake. Nilikuwa najiuliza, sababu gani hakuna mutu anakuya."

Massoudi aliweka kichwa juu ya kaunta. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ya moto, na hakujaribu kuificha. Mhandisi mzima, mwenye diploma mbili ukutani, hakuwahi kujiuliza chupa moja inatosha watu wangapi. Alikuwa amejifunza kila kitu kuhusu insulini ila namna ya kuigawana.

"Basi, inatosha," alisema Dative. "Machozi haiingii mu sindano. Dada yako anachoma ngapi?"

Alimwambia. Dative akaanza kuvuta, sindano ya kwanza, ya pili. Massoudi alitoa simu, akampigia Chanelle.

"Rudisha Ngagara," alisema. "Sasa hivi. Na uandike kwamba anagawa."

Chanelle hakuuliza. "Nimerudisha," alisema baada ya kitambo, na sauti yake ilikuwa na unafuu. Massoudi naye alijisikia nafuu. Dawa ameipata, kosa amelirekebisha, Buyenzi si mbali. Aliona tayari uso wa Houda.

Simu ililia mkononi mwake. Namba ilikuwa ya Mzee Mohamadi, ambaye hakuwa amempigia hata mara moja tangu aiache benki.

"Baba. Nimeipata. Nakuya."

"Umepata nini?"

"Dawa. Insulini. Ninayo hapa."

Sauti ya mzee ilikuwa ya mtu aliyezeeka tangu asubuhi.

"Simu yako inasema hakuna."

"Baba..."

"Houda aliona umekawia. Akaandika mwenyewe, akauliza ile namba yako. Ikamujibu hakuna mu Bujumbura yote. Mi nikamwambia, mutoto, ngoja, kaka yako alisema iko. Akaniambia, Baba, kaka anaweza kusema vile ili nisiogope. Lakini programu yake haiwezi kunidanganya. Aliitengeneza sababu yangu mimi."

"Yuko wapi?" aliuliza Massoudi.

"Shaabani amempakia ku pikipiki. Wameenda Kajaga, ku ziwa. Kuko mutu anavusha watu ziwa na pirogi ya moteri mpaka Uvira, kule Kongo, sababu mpaka wa barabara umefungwa. Walisema Uvira dawa haikosi. Nilimkatalia, Massoudi. Wallahi nilimkatalia. Akanishika mkono akasema, bora nife natafuta."

Massoudi alikata simu ya baba yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akapiga ya Houda. Ililia. Ikalia. Ikapokelewa, na kelele ya injini na upepo vikamjaa sikioni.

"Kaka." Sauti ilikuwa nyembamba. "Rudi nyumbani. Usitafute tena, mabomu itakupata."

"Houda, rudini. Mwambie huyo mutu ageuze. Dawa ninayo."

"Unanifariji tu."

"Wallahi ninayo. Niko Ngagara, iko mbele yangu, wanaivuta mu sindano."

"Kaka yangu." Alikuwa anahema kati ya maneno. "Nilisoma mwenyewe. Hakuna."

"Ni mimi nilifuta. Houda, ni mimi. Niliificha ili ikungoje weye. Uliza tena. Andika tena insulini, utaona."

Injini ilinguruma. Alimsikia Shaabani akisema kitu, na mtu mwingine akipiga kelele wakae chini. Houda alisema, "Nini? Umeficha nini?" kisha upepo, kisha hakuna kitu.

Alipiga tena. Haipatikani. Akapiga tena, huku akiwaambia Dative na Astère kwa pumzi moja: Houda, pirogi, Kajaga.

Dative alikuwa ameinua mkono kuwanyamazisha, ameegemeza sikio kwenye redio. Aliongeza sauti. Mtangazaji alikuwa anasoma tangazo la jeshi kwa Kirundi, kisha akalirudia kwa Kiswahili cha haraka haraka. Kuanzia adhuhuri ya leo hakuna chombo kinachoruhusiwa ziwani. Chombo chochote kitakachoonekana kinavuka kitapigwa bila onyo.

Wote watatu waligeuka kutazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa imeshapita.

"Gari yangu iko nyuma ya nyumba," alisema Astère, akiwa tayari anatafuta funguo. Hakuna aliyekuwa amemwomba. "Hospitali kwanza, niache sindano mlangoni tu, halafu Kajaga. Twende."

Massoudi alikuwa amefika mlangoni, sindano zimefungwa kwa kitambaa na barafu kifuani, wakati simu ilipolia. Aliitazama kwa tamaa yote aliyokuwa nayo. Alikuwa Chanelle.

"Massoudi, namba ya Houda imeuliza tena. Sasa hivi. Ameandika insulini."

"Umemjibu?"

"Programu imemujibu. Imesema Ngagara, kwa Dative." Chanelle alikuwa analia. "Lakini jibu haifiki. Inarudi. Nimetuma tena, inarudi. Uko naye? Uniambie uko naye."

Tangu alfajiri mizinga ilikuwa inalia upande wa milima tu. Sasa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ililia upande wa ziwa.